Uhakiki Bila Kalamu: Mazungumzo ya Watazamaji wa Sinema na Tamthilia za Runinga katika Afrika Mashariki

1.0 Utangulizi

Historia ya uhakiki wa fasihi ya Kiswahili aghalabu huanzia kwenye vitabu. Hutajwa juhudi za wahariri wa tenzi, hutajwa kuanza kwa mafunzo ya fasihi ya Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kisha hutajwa Uchambuzi wa Maandishi ya Kiswahili, mkusanyiko uliohaririwa na Farouk Topan na kuanza kutolewa mwaka 1971. Utaratibu huu una manufaa yake, kwa kuwa kilichochapishwa huweza kusomwa tena na kukosolewa. Hata hivyo, una upungufu mmoja mkubwa. Unawaacha nje watu wengi sana ambao kazi za sanaa walizozitolea hukumu kila wiki hazikuwa vitabu, bali picha za sinema na, baadaye, tamthilia za runinga.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba mazungumzo ya watazamaji hao ni sehemu halali ya historia ya uhakiki katika Kiswahili. Mtu aliyetoka kutazama picha humsimulia mwenziwe, huipima, kisha humshauri aione au aiache. Vitendo hivi vitatu, yaani kusimulia, kupima na kushauri, ndivyo vinavyounda pendekezo. Anayesema tu kwamba picha fulani ni nzuri hajahakiki lolote. Anayeongeza kwamba ni nzuri kwa sababu mama aliyekosewa alipewa haki yake mwishoni, au kwamba ni mbaya kwa sababu adui alikufa bila kujulikana kisa chake, tayari ameingia katika uwanja wa mhakiki: ametaja kigezo, na kigezo kinaweza kupingwa.

Nadharia ya upokezi, iliyopata nguvu kufuatia mhadhara wa Hans Robert Jauss katika Chuo Kikuu cha Konstanz mwaka 1967, ilisisitiza kwamba historia ya fasihi haikamiliki bila historia ya wapokezi wake. Kwa Waswahili wazo hili halikuwa geni. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yaliishi midomoni mwa watu kabla ya kuishi kitabuni, na desturi ya kujibizana kwa mashairi humfanya msikilizaji awe mtunzi wa zamu inayofuata. Kimani Njogu, katika Reading Poetry as Dialogue (2004), ameuchunguza ushairi wa Kiswahili kwa msingi huo huo wa majibizano. Sinema ilipofika, basi, ilikuta hadhira iliyozoea kwamba kazi ya sanaa hujibiwa.

2.0 Gari la Sinema: Mfasiri na Hadhira

Watawala wa kikoloni walikuja na dhana tofauti kabisa kuhusu hadhira hiyo. Kati ya mwaka 1935 na 1937, jaribio la filamu za elimu kwa Waafrika liliendeshwa kutoka Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika, chini ya L. A. Notcutt na G. C. Latham, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani. Filamu zilizotengenezwa huko zilipelekwa kwa magari katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda idara maalumu ya filamu za makoloni. Kiongozi wake, William Sellers, alishikilia kwamba mtazamaji wa Kiafrika alihitaji picha za mwendo wa polepole, zisizo na mbinu za kuruka kutoka mahali hadi mahali, kwa kuwa asingeweza kuzifuata.

Lakini gari la sinema halikusafiri na filamu peke yake. Lilisafiri pia na mfasiri, ambaye kazi yake ilikuwa kueleza kwa lugha ya mahali yale yaliyoonekana kwenye turubai. Mtu huyu alitakiwa kurudia ujumbe wa serikali: osheni vyombo, chimbeni vyoo, wekeni akiba posta. Hata hivyo, mtu anayesimama mbele ya umati usiku na kusimulia kisa kwa lugha yake hawi kipaza sauti tu. Hana budi kuteua maneno, kukazia hapa na kupunguza pale, na kuitikia vicheko vya watu. Kwa njia hiyo mfasiri wa gari la sinema alikuwa mpatanishi wa kwanza kati ya filamu ya kigeni na ujumi wa wenyeji, ingawa mwajiri wake hakumwajiri kwa ajili hiyo.

Kuna kisa kimoja mashuhuri kinachofaa kutazamwa upya. John Wilson, aliyekuwa akichunguza matumizi ya filamu katika elimu barani Afrika, alisimulia jinsi filamu ya mafunzo ya usafi ilivyoonyeshwa kwa watu wapatao 30 ambao hawakuwa na mazoea ya sinema. Filamu hiyo ilionyesha jinsi ya kuondoa maji yaliyotuama. Watazamaji walipoulizwa wameona nini, walijibu kwamba wameona kuku. Watengenezaji wenyewe hawakujua kwamba kulikuwa na kuku. Walipoichunguza filamu picha kwa picha, walimwona: alikatiza kwenye pembe ya chini kwa muda wa sekunde moja hivi. Kisa hiki kilipata umaarufu baada ya Marshall McLuhan kukinukuu mwaka 1962 kama ushahidi kwamba asiyejua kusoma hajui kutazama.

Ushahidi huo waweza kusomwa kinyume. Hadhira iliona kilichokuwamo, na mtengenezaji hakukiona. Katika mazingira ambamo kuku ni mali, ni kitoweo cha mgeni na ni kiumbe anayestahili kuangaliwa asipotee, jicho lililomnasa lilikuwa limefunzwa vyema. Kwa hakika mhakiki wa fasihi husifiwa kwa jambo hilo hilo: kuona katika matini kile ambacho mwandishi hakujua kuwa amekiweka. Kosa la wachunguzi lilikuwa kuuliza swali la mtihani mahali palipofaa swali la mazungumzo. Wangeliuliza filamu ilikuwa nzuri au mbaya, na kwa nini, pengine wangelipata uhakiki.

Dalili kwamba hadhira ilikuwa na chaguo lake zilionekana mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilitengenezwa Tanganyika filamu kadhaa za Kiswahili za kuchekesha, mojawapo ikiwa Muhogo Mchungu, iliyomhusu mtu wa shamba anayefika mjini na kutapeliwa. Aliyeigiza mhusika mkuu ni Rashidi Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuja kuwa waziri mkuu wa Tanganyika. Kisa cha mshamba na wajanja wa mjini kilikuwa tayari ni mali ya masimulizi ya watu. Filamu ilikikuta tu, ikakipa sura.

3.0 Jumba la Sinema na Baraza

Wakati gari la sinema likizunguka mashambani, miji ya pwani ilikuwa na majumba ya sinema ya kibiashara ambako mtazamaji alikuwa mteja, si mwanafunzi. Unguja ilipata Royal Theatre mwaka 1921. Jumba hilo, lililobadilishwa jina baadaye na kuitwa Majestic, liliungua mwaka 1954, na jingine la jina hilo hilo likafunguliwa mahali pale pale mwaka 1955. Mombasa nayo ilikuwa na majumba yake, miongoni mwao Regal, Naaz na Majestic. Tofauti kati ya mteja na mwanafunzi ni ya msingi katika mada hii. Mwanafunzi huketishwa, mteja huja kwa hiari, na kabla ya kutoa senti zake huuliza waliotangulia kuona. Pendekezo, kwa hiyo, lilizaliwa na bei ya tikiti.

Hapa ndipo baraza lilipopata kazi mpya. Mtaani kote pwani, viti vya mawe vilivyojengwa mbele ya nyumba vilikuwa tangu zamani mahali pa kupokelea habari, kunywea kahawa na kuamulia hoja. Mwanahistoria Laura Fair, katika Reel Pleasures (2018), kitabu kilichotokana na mahojiano mengi na watazamaji na wenye majumba ya sinema nchini Tanzania, ameonyesha jinsi mijadala ya filamu ilivyoendelea nje ya ukumbi, majumbani na mabarazani, kwa siku nyingi baada ya onyesho. Filamu za Kihindi zilipewa nafasi ya pekee. Zilionyeshwa katika lugha ambayo wengi wa watazamaji wa Kiswahili hawakuijua. Hali hiyo haikuwafukuza. Iliwafanya wategemeane zaidi. Aliyepata maana ya maneno kutoka kwa jirani wa Kihindi alimweleza asiyeipata, na aliyeiona mara tatu alikuwa mwalimu wa aliyeiona mara moja.

Mfano ulio wazi zaidi ni Awara, filamu ya Raj Kapoor ya mwaka 1951, iliyopendwa mno Unguja. Kisa chake kinamhusu Hakimu Raghunath, anayeamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi. Jagga, mtu aliyehukumiwa kwa msingi wa imani hiyo, analipiza kisasi kwa kumteka mke wa hakimu. Mke anarudi akiwa mjamzito, mumewe anamshuku na kumfukuza, na mtoto anayezaliwa, Raj, analelewa na umaskini pamoja na Jagga mwenyewe hadi akawa mhalifu. Mwishoni Rita, mpenzi wake ambaye ni wakili, anasimama mahakamani kumtetea mbele ya baba asiyemjua mwanawe.

Mswahili aliyeitazama picha hii hakuhitaji kitabu cha nadharia ili aone mgogoro wake, kwani lugha yake ilikuwa imeuhifadhi kwa methali mbili zinazopingana. Upande mmoja kuna isemayo kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Upande wa pili kuna isemayo kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Filamu nzima ni kesi baina ya methali hizi, na hakimu ndiye shahidi anayeipinga ya kwanza bila kujua, kwa kuwa mtoto wake mwenyewe ameharibika. Katika mji ambamo nasaba ilikuwa na uzito katika posa na heshima, swali hili halikuwa mchezo. Kuisifu Awara kulikuwa ni kuchukua msimamo, na kumshauri kijana akaione kulikuwa ni kumpa hoja ambayo asingeweza kuisema kwa mdomo wake mbele ya wazee. Hicho ndicho kilichofichika ndani ya mapendekezo mengi ya sinema: mtu hutumia kisa cha mbali kulizungumzia la karibu.

Muziki nao ulikuwa pendekezo la namna yake. Waimbaji wa taarabu walichukua lahani za nyimbo za filamu na kuzitia maneno ya Kiswahili. Mohamed Khamis Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alipata sifa kubwa kwa ufundi huo, akiimba mara nyingi mashairi ya Ahmad Nassir Juma Bhalo. Msikilizaji aliyeupenda wimbo harusini alipata sababu ya kuitafuta picha, na aliyekwisha kuiona picha alisikia katika maneno mapya namna ya kulijibu lile la awali. Mshairi hapa alikuwa akihakiki filamu kwa kuitungia upya.

Ni muhimu kutaja kwamba mazungumzo haya hayakuwa ya wanaume pekee, ijapokuwa baraza la nje lilikuwa lao. Yalikuwako maonyesho ya wanawake watupu, yaliyojulikana kama zanana, na baada ya kuenea kwa mashine za video katika miaka ya 1980 sebule ikawa ukumbi. Minou Fuglesang, katika Veils and Videos (1994), ameeleza jinsi wanawake vijana wa Lamu walivyokusanyika kutazama kanda za Kihindi na kuzijadili: mavazi, mishono, adabu ya mkwe, mapenzi na ndoa ya kuchaguliwa. Uhakiki huo ulikuwa na vigezo vyake. Filamu ilipimwa kwa ukweli wa huzuni yake na kwa jinsi ilivyomtendea mwanamke aliyevumilia.

4.0 Istilahi za Watazamaji

Uhakiki hauwi uhakiki bila istilahi, na watazamaji walijiundia zao. Mhusika mkuu akaitwa steringi, neno ambalo yaelekea lilichumwa kwenye mabango ya Kiingereza. Mpinzani wake akaitwa adui. Ikazuka kanuni isemwayo hadi leo kwamba steringi hafi. Kauli hii fupi ni nadharia ya utanzu: inaeleza kwamba katika aina fulani ya picha taharuki haitokani na swali la iwapo shujaa atapona, bali la jinsi atakavyopona.

Kanuni ikishajulikana, ukiukaji wake huwa tukio. Katika Sholay (1975) mashujaa ni wawili, na Jai, aliyeigizwa na Amitabh Bachchan, anakufa kabla ya kisa kwisha. Katika Mother India (1957) mama anampiga risasi mwanawe aliyegeuka jambazi. Mtazamaji aliyelelewa kwenye kanuni ya steringi hafi alilazimika ama kuikataa picha, ama kuirekebisha kanuni yake. Wanafunzi wa fasihi hufanya zoezi hilo hilo wanapofundishwa kwamba tanzia ina sheria tofauti na ramsa.

Kadhalika, kisa kinachotegemea sadfa kupita kiasi, ambamo ndugu waliopoteana hutambuana kwa kovu au kwa wimbo, huambiwa kimekuwa sinema ya Kihindi. Kauli hiyo hutolewa hata kuhusu riwaya na hata kuhusu maelezo ya shahidi asiyeaminika. Neno tamthilia nalo limesafiri. Katika shule za Kenya ni mchezo wa kuigiza uliochapishwa na kutahiniwa. Sebuleni ni mfululizo wa runinga unaofuatwa kila wiki. Walimu huona mkanganyiko hapo. Yamkini wanafunzi wameliweka neno mahali ambapo drama inaishi kwao.

5.0 Runinga: Wahusika Waliokuwa Majirani

Runinga ilianza nchini Kenya mwaka 1962. Shirika la utangazaji lilitaifishwa mwaka 1964 likawa Sauti ya Kenya, na mwaka 1989 likarejea kwenye jina la KBC. Zanzibar ilipata runinga ya rangi mapema katika miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara ilingoja hadi mwaka 1994. Kwa miaka mingi seti zilikuwa chache, na kutazama kulikuwa ni kwenda kwa jirani, au kwenye ukumbi wa mtaa. Hali hiyo ilimaanisha kwamba kutazama na kujadili vilifanyika kwa wakati mmoja, sauti ya mwigizaji ikishindana na ya mtazamaji.

Michezo ya Kiswahili ya Sauti ya Kenya, hususan Vioja Mahakamani na Vitimbi, ilifaa sana kwa utazamaji wa namna hii. Muundo wa Vioja Mahakamani ni kesi: kuna mshtakiwa, kuna mlalamishi, kuna hakimu, na mtazamaji hupata hukumu yake kabla ya kuisikia ya hakimu. Katika Vitimbi, Mzee Ojwang na Mama Kayai walikuwa kama watu wa ploti ya jirani. Benson Wanjau, aliyeigiza kama Ojwang hadi uzeeni na kufariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu aliyezungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo. Wako waliolalamika kwamba lafudhi za namna hiyo zinaharibu Kiswahili sanifu. Wako walioona kwamba lafudhi ilikuwa ndiyo fani yenyewe, kwa kuwa ilimchora mhusika kwa sentensi moja. Ubishi huu ulikuwa juu ya suala zito la kiuhakiki, yaani uhusiano wa lugha sanifu na usawiri wa wahusika, na uliendeshwa na makondakta, mafundi na akina mama kwa ustadi ambao haukuandikwa popote. Katika miaka ya 1990 tamthilia ya Tausi iliuongezea ubishi huo upande mwingine, kwa kuonyesha kwamba Kiswahili cha mtiririko wa pwani kingeweza kubeba mapenzi, mali na usaliti bila kuchekesha.

Mfululizo ulileta jambo ambalo sinema haikuwa nalo. Picha ya sinema hupendekezwa baada ya kwisha. Tamthilia ya wiki kwa wiki hujadiliwa ikiwa haijaisha, na hivyo mtazamaji hubashiri. Kubashiri ni uhakiki wa hali ya juu, kwa maana anayesema kwamba fulani lazima atafichuliwa wiki ijayo anatoa hoja kuhusu mantiki ya msuko na tabia ya mhusika, na wiki ijayo humhukumu yeye pia.

6.0 Mazungumzo Yaliyopimwa

Nguvu ya mazungumzo haya ilitambuliwa mapema na watu wasiokuwa wahakiki wa fasihi. Nchini Mexico, Miguel Sabido alikuwa ameunda katika miaka ya 1970 tamthilia za runinga zilizonuiwa kubadili mienendo ya jamii. Mbinu yake ilifika Kenya mwaka 1987 kupitia Tushauriane kwenye runinga na Ushikwapo Shikamana kwenye redio, zote zikihusu uzazi wa mpango. Nchini Tanzania, ambako runinga ilikuwa bado, Twende na Wakati ilianza kwenye redio mwaka 1993. Mhusika wake Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu, aliyeachwa kuhangaika na watoto, walikuja kujulikana nchini kote.

Watafiti wakiongozwa na Everett Rogers walitumia fursa adimu. Kati ya mwaka 1993 na 1995 eneo la Dodoma halikutangaziwa mchezo huo, nao wakalilinganisha na maeneo mengine. Moja ya hitimisho lao lilikuwa kwamba mchezo ulifanya kazi kwa kiasi kikubwa kupitia mazungumzo: mume na mke, rafiki na rafiki, waliozungumza juu ya walichokisikia. Hapa basi, mazungumzo ya hadhira yalipimwa kwa uangalifu. Yalipimwa hata hivyo kwa kipimo cha afya. Iliulizwa ni wangapi walikwenda kliniki. Haikuulizwa kwa nini Mkwaju, aliyetungwa ili achukiwe, aliwavutia wasikilizaji kuliko wahusika wema. Swali hilo lilikuwa la idara za fasihi, na idara hizo hazikuwapo kulichukua.

7.0 Kibanda cha Video: Kurudi kwa Mfasiri

Kuanzia miaka ya 1990 na kuendelea, kanda na baadaye diski ziliifikisha filamu kwenye vibanda vya mitaani na vituo vya biashara vya mashambani. Filamu nyingi zilikuwa za Kiingereza, Kihindi au Kichina. Huko akarudi mfasiri wa gari la sinema, safari hii akiwa huru. Nchini Tanzania, Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alijijengea jina kwa kuzisimulia filamu hizo kwa Kiswahili. Nchini Kenya, DJ Afro aliifanya kazi hiyo kuwa sanaa inayotambulika kwa sauti tu. Huko Kampala ilistawi sanaa kama hiyo kwa Kiluganda.

Msimulizi wa kibanda hatafsiri neno kwa neno. Humpa mhusika jina la mtaani, humcheka steringi anapozubaa, huonya kwamba adui yuko nyuma ya mlango, na hukiri waziwazi kipande kinapochosha. Kwa maneno mengine, anatoa filamu na uhakiki wake kwa pumzi moja. Ni kweli kwamba kazi hii imezua maswali ya hakimiliki ambayo hayawezi kupuuzwa. Lakini kwa historia ya uhakiki, inathibitisha kwamba hadhira ya Kiswahili haikutaka maana tupu ya maneno. Ilitaka pia mtu wa kutazama naye.

Ufasiri rasmi ulifuata njia nyingine. Mwaka 2011 runinga ya taifa ya Tanzania ilionyesha tamthilia ya Kichina kuhusu Doudou na mama wakwe zake, ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili. Umaarufu wake ulifikia kutajwa na Rais Xi Jinping katika hotuba aliyoitoa Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Siri ya mapokezi hayo si ngumu kuifumbua. Mkaza mwana anayejaribu kuwaridhisha mama wakwe ni mhusika anayejulikana katika kila mtaa wa Waswahili, na mtu hupendekeza kwa urahisi kile anachoweza kukitolea mfano nyumbani kwake.

8.0 Mipaka ya Uhakiki Simulizi

Haifai kuyatukuza mazungumzo haya kupita kiasi. Kwanza, pendekezo hutawaliwa na mwenye sauti. Mabarazani, mzee au mwenye seti ya runinga aliweza kuizima hoja ya kijana bila kuijibu. Pili, mapenzi kwa mwigizaji mara nyingi huchukua nafasi ya hoja kuhusu kazi yenyewe. Tatu, kumbukumbu huremba: picha ya ujanani husifiwa kwa sababu ya ujana, si kwa sababu ya picha. Nne, yako mengi yasiyoweza kusemwa hadharani, na kwa hiyo kimya cha hadhira si lazima kiwe ridhaa. Serikali nazo zilijitwalia haki ya kuamua nini kionwe. Sheria ya Kenya kuhusu filamu na michezo ya jukwaani ilitungwa mwaka 1962, kabla ya uhuru, na ikaendelea kutumika baada yake. Mjadala wa barazani uliweza kuibishia bodi ya ukaguzi, lakini haukuweza kuifungulia picha iliyofungwa.

Hata hivyo, dosari hizi zinapatikana pia katika uhakiki ulioandikwa. Majarida nayo yana wenye sauti, yana mapenzi kwa waandishi fulani, na yana kimya chake. Tofauti ni kwamba makosa ya uhakiki ulioandikwa yanaweza kuonekana na kizazi kinachofuata, ilhali ya uhakiki simulizi hupotea pamoja na mazuri yake.

9.0 Hitimisho

Historia iliyochorwa hapa inaanza na mtazamaji aliyeulizwa ameona nini na jibu lake likachekwa. Inapitia kwa mteja wa tikiti aliyeipima picha kwa methali, kwa mwanamke wa Lamu aliyeipima kwa haki ya mvumilivu, kwa jirani aliyebashiri mwisho wa tamthilia, hadi kwa msimulizi wa kibanda. Katika hatua zote hizo kazi ya sanaa ilisimuliwa, ikapimwa, ikapendekezwa, na kila mara aliyependekeza alijifunua kidogo yeye mwenyewe na jamii yake.

Mazungumzo hayo sasa yamehamia kwa kiasi kikubwa kwenye simu, na huko huacha maandishi. Ya zamani hayakuacha. Majumba mengi ya sinema ya Nairobi, Mombasa na Unguja yamefungwa au yamegeuzwa kuwa maduka na makanisa, na waliokuwa vijana Awara ilipofika wamebaki wachache na wazee sana. Idara za Kiswahili zimekuwa zikiwatuma wanafunzi vijijini kukusanya ngano, vitendawili na nyimbo za jando. Zinapaswa kuwatuma pia kwa wazee wa mitaa ya Old Town na Ng'ambo, na kwa akina mama wa Lamu, wakiwa na swali moja tu la kuanzia: ni picha gani waliyomshauri kila mtu aione, na walimwambia nini ili akubali? Majibu yatakayopatikana yatakuwa uhakiki wa Kiswahili, na yakichelewa kukusanywa hayatapatikana tena.